Maji Yanapotuama Kwenye Ukoka

Ukoka uliotuama maji hufa kwa kukosa hewa. Maji yenyewe si sumu kwa nyasi. Kinachoziua ni nafasi yanayoichukua. Udongo mzuri wa bustani, ukipimwa kwa ujazo, karibu nusu yake ni chembe ngumu na nusu iliyobaki ni matundu. Matundu madogo hushika maji ambayo mizizi huyanywa taratibu. Matundu makubwa huyapitisha maji ya mvua kwenda chini, kisha hujaa hewa mara mvua inapokatika, na ni kupitia hayo mizizi hupumua. Yakijaa maji na kubaki yamejaa, hewa mpya haishuki tena, kwa sababu oksijeni hupenya ndani ya maji kwa mwendo ulio mdogo mara 10,000 hivi kuliko hewani. Ile kidogo iliyosalia humalizwa na mizizi pamoja na vijidudu vya udongoni ndani ya siku moja au mbili. Kwenye udongo wenye joto, kama wa Dar es Salaam au Mombasa wakati wa masika, huisha mapema zaidi, maana kila kilicho hai udongoni hupumua kwa kasi zaidi joto linapopanda.

Oksijeni ikishakwisha, vijidudu vingi havifi. Hugeukia vitu vingine vinavyoweza kushika nafasi yake. Cha kwanza ni naitreti, ile naitrojeni ambayo nyasi huitegemea ili ziwe za kijani. Vijidudu huivunja, nayo hupotea angani ikiwa gesi. Hii ndiyo sababu ukoka uliolowa wiki nzima hugeuka manjano, na ndiyo sababu wenye bustani wengi hudhani una njaa, wakamwaga mbolea juu ya tope, nayo ikapotea vilevile. Naitreti ikiisha, zamu hufika kwa manganizi na chuma. Chuma ndicho huupa udongo wekundu na ukahawia wake. Kikibadilika, udongo hupauka ukawa wa kijivu, pengine wenye ubuluu uliofifia. Baada ya hapo huja salfeti, na hapo ardhi huanza kutoa harufu ya yai viza.

Haya yote huonekana kwa macho bila maabara. Inatosha kukata kipande cha ukoka kwa beleshi, upana wa kiganja na kina cha sentimita 20, na kukilaza ubavu juu ya gunia. Juu pana majani, chini yake mkeka wa vikonyo na mizizi iliyokufa, kisha udongo wenyewe. Katika bustani yenye afya mizizi hushuka mpaka mwisho wa kipande, ikiwa myeupe na yenye ugumu kidogo inapovutwa. Katika bustani inayotuama maji mizizi mingi hukomea sentimita tatu au nne. Ni ya kahawia, na ikibanwa kwa vidole ganda lake la nje hutoka, ukabaki uzi mwembamba wa katikati. Udongo wa chini huwa wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu yaliyoizunguka mikondo ya mizizi ya zamani, mahali ambapo hewa kidogo iliwahi kupita. Madoa hayo hayafutiki maji yanapoondoka. Hubaki hata kiangazi kikali, udongo ukiwa mgumu kama tofali, na mtu anayekagua kiwanja cha kununua mwezi Februari anaweza kuyaona na kujua kitakachotokea hapo mwezi Aprili.

Madhara hayaishi na mvua. Ukoka wenye mizizi ya sentimita tatu huingia kiangazini bila akiba yoyote, ukanyauka wiki kadhaa kabla ya ule wa jirani ulioota kwenye udongo wa aina hiyohiyo. Mwenye bustani huona ukame na kuongeza umwagiliaji, kumbe kiu ile ilianza masika. Palipo wazi huingia magugu yanayostahimili unyevu, ndago ikiwa ya kwanza, na utando wa kijani unaoteleza. Vimelea viitwavyo pithiamu, ambavyo mbegu zake huogelea kwenye maji, huozesha nyasi kwa mabaka ambayo alfajiri huonekana yamelala kana kwamba yamepakwa mafuta.

Hata hivyo si kila dimbwi ni ugonjwa. Udongo wa kichanga hunywa zaidi ya milimita 30 za maji kwa saa, udongo tifutifu milimita 10 hadi 20, na mfinyanzi milimita moja hadi tano tu. Mvua ya masika yaweza kumwaga milimita 50 katika saa moja au mbili. Kwa hesabu hiyo mfinyanzi wa kawaida utatuamisha maji kwa muda, hata ukitunzwa vipi. Dimbwi likinywewa ndani ya siku moja baada ya mvua kubwa, hakuna cha kutibu. Likikaa siku mbili au tatu, mizizi imeanza kuumia. Likipita wiki, huongezeka habari ya mbu, kwa kuwa katika joto la kwetu yai la mbu huhitaji kiasi cha wiki moja hivi au zaidi kidogo kufikia hatua ya kuruka.

Kabla ya kushika sululu, lazima ijulikane maji yanatoka wapi. Hatua hii hurukwa kuliko zote, na kuiruka ndiko hugharimu zaidi. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 25 hukusanya lita 2,500, yaani ndoo 125 za lita 20, na mara nyingi maji hayo yote huachiwa na bomba moja la gata kwenye kona ya ukoka. Hakuna udongo utakaoyanywa. Gata ikielekezwa kwenye simtanki au kwenye mfereji wa nje, bustani nyingi zinazodhaniwa kuwa na udongo mbaya hupona bila kuchimbwa hata hatua moja. Chanzo kingine ni kiwanja cha juu: ua wa jirani uliomwagiwa zege, au barabara iliyoinuliwa kwa moramu mwaka hadi mwaka mpaka ikawa juu ya geti. Hapo dawa ni kifereji cha kina kifupi kinachokata njia ya maji upande yanakoingilia, na kuyazungusha pembeni hadi kwenye mtaro wa mtaa.

Sehemu inayolowa hata kiangazi ni kesi tofauti kabisa. Bomba linaweza kuwa linavuja chini ya ardhi. Koki zote za nyumba zikifungwa, mita isomwe jioni na kusomwa tena asubuhi. Namba ikisogea, panavuja. Lakini ukoka ukiwa mzito na wa kijani kibichi kupita sehemu nyingine, tena ardhi inabonyea na ina harufu, basi ni shimo la maji taka lililojaa au bomba lake lililopasuka. Mahali hapo watoto wasichezee, wala maji yake yasichimbiwe mtaro wa kwenda nje, mpaka shimo lenyewe lishughulikiwe.

Baada ya chanzo, kipimo. Huchimbwa shimo la kina cha sentimita 30 na upana uleule, kuta zake zikaparuzwa kwa ncha ya panga ili zisiwe laini kama zilizosilibwa. Hujazwa maji jioni na kuachwa usiku mzima ili udongo ushibe. Asubuhi hujazwa tena, kijiti chenye alama za sentimita kikasimikwa katikati, na maji yakasomwa kila baada ya nusu saa. Yakishuka sentimita mbili na nusu au zaidi kwa saa, udongo wa chini hauna tatizo. Kama juu panatuama, kosa liko kwenye sentimita chache za juu, ambako udongo umeshindiliwa au mkeka wa nyasi zilizokufa umekuwa mnene. Yakishuka chini ya sentimita moja kwa saa, udongo wa chini wenyewe haupitishi. Na ikiwa wakati wa kuchimba maji yanachuruzika yenyewe kutoka ubavuni au sakafuni mwa shimo, hayo ni maji ya ardhini yaliyopanda, na kutoboa udongo wala kumwaga mchanga hakutayashusha. Matokeo haya matatu yana tiba tatu zisizofanana, na fundi anayetoa bei kabla ya kuchimba shimo hilo anakisia tu.

Nairobi inaonyesha vizuri jinsi udongo unavyoweza kugeuka ndani ya mji mmoja na vitongoji vyake. Upande wa Kabete, Karura na kuelekea Kiambu kuna udongo mwekundu uliotokana na miamba ya volkano. Una mfinyanzi mwingi sana, lakini chembe zake zimeshikana zikawa vidonge vidogo imara, na maji hupita katikati ya vidonge hivyo kama yanavyopita kwenye kokoto ndogo. Upande wa Embakasi, Syokimau na Kitengela kuna udongo mweusi ambao Tanzania huitwa wa mbuga, na ambao wajenzi huuogopa kwa kupasua kuta. Mfinyanzi wake ni wa aina inayovimba. Ukikauka husinyaa na kufanya nyufa ambazo mkono mzima unaweza kuingia. Mvua za kwanza hutumbukia humo moja kwa moja, na mtu akadhani udongo unakunywa. Siku chache baadaye umevimba, nyufa zimefungwa, na kuanzia hapo haupitishi karibu chochote. Bustani mbili zilizopandwa siku moja na fundi mmoja, moja Kabete na nyingine Kitengela, hazina matatizo yanayolingana, na ushauri uliofaa huku huenda ukaharibu kule.

Pwani tatizo huwa jingine. Udongo wa juu mara nyingi ni kichanga, nao hunywa vizuri. Lakini katika sehemu za chini za Dar es Salaam, karibu na bahari na kando ya mto Msimbazi, maji ya ardhini huwa karibu sana na uso wa nchi, na masika huyapandisha zaidi. Udongo hapo haukatai maji. Umekwisha kushiba kutoka chini.

Juu ya hayo yote kuna kosa la binadamu, na hilo ndilo lililo kila mahali. Nyumba inapojengwa, udongo wa juu, ule mweusi wenye mboji, hukwanguliwa na kuuzwa au kufukiwa chini ya kifusi cha msingi. Malori ya mchanga na kokoto huzunguka kiwanja miezi sita, na kila mzunguko hufinya matundu makubwa ambayo ndiyo njia za hewa. Ujenzi ukiisha, huletwa tripu mbili za udongo mwekundu, husambazwa unene wa vidole vinne juu ya ardhi iliyoshindiliwa kama sakafu, na ukoka hupandwa siku ileile. Hupendeza mwezi mzima. Mvua zikija, maji hushuka unene huo tu yakagonga sakafu ile na kuanza kupanda. Bustani ya namna hii ilianza kuzama kabla haijapandwa, na mwenye nyumba aliyelipia nyasi hizo alistahili kuelezwa.

Makosa mawili ya tiba yanahitaji kuelezwa kwa urefu, kwa sababu yanaonekana kuwa na akili. La kwanza ni kuchanganya mchanga na mfinyanzi ili uwe mwepesi. Chembe za mchanga ni kubwa na za mfinyanzi ni ndogo mno. Mchanga ukiwa kidogo, chembe zake huzama katikati ya mfinyanzi kama zabibu kwenye keki, na matundu hayaongezeki. Ili mchanga utawale, lazima chembe zake zigusane zenyewe kwa zenyewe, na hilo hutokea tu ukiwa sehemu kubwa kabisa ya mchanganyiko. Hakuna mwenye bustani ya kawaida anayeleta mchanga wa kiasi hicho. Toroli kumi za mchanga juu ya mfinyanzi, zikichanganywa na kukauka, hutoa kitu kinachokaribia tofali. Kinachofaa kuchanganywa na mfinyanzi ni mboji iliyoiva au samadi ya zamani, kwa sababu hizo huwalisha vijidudu na nyungunyungu wanaogandisha chembe kuwa vidonge, na vidonge ndivyo vinavyoacha matundu. Jasi nayo husifiwa kupita kiasi: husaidia udongo wenye chumvi ya sodiamu, kwa kuwa kalsiamu yake huiondoa sodiamu hiyo, lakini mfinyanzi usio na tatizo la sodiamu hauipati faida hiyo.

Kosa la pili ni kutandika kokoto chini ya udongo wa bustani, kwa imani kwamba maji yatazikimbilia. Hayazikimbilii. Maji yaliyo ndani ya udongo laini hushikwa na matundu madogo kwa nguvu ileile inayoipandisha chai ndani ya andazi lililochovywa kwenye ncha tu. Yakifika mpakani na kokoto, ambazo matundu yake ni makubwa na hayana mvuto huo, husimama. Hayaingii kwenye kokoto mpaka udongo wa juu yake uwe umeshiba kabisa. Kwa hiyo tabaka la kokoto lisilo na bomba huinua tope na kulisogeza karibu na mizizi. Wajenzi wa viwanja vya gofu wanalijua jambo hili na kulitumia makusudi: mwongozo ambao Chama cha Gofu cha Marekani, USGA, kiliutoa kwanza mwaka 1960 huweka sentimita 30 za mchanga maalumu juu ya sentimita 10 za kokoto ili mchanga huo, ambao vinginevyo ungekauka haraka, ubakize unyevu chini yake. Kinachowahifadhia hewa juu ni mchanga uliochaguliwa kwa ukubwa wa chembe, na chini ya kokoto kuna mabomba. Kuiga kokoto bila mchanga na bila mabomba ni kuchukua nusu ya dawa, tena nusu isiyotibu.

Kinga ya kweli hufanywa kabla ya ukoka kupandwa, na huanza na mteremko. Ardhi ya ukoka inapaswa kushuka sentimita mbili kwa kila mita, ikielekea mbali na nyumba. Mita tatu za kwanza kutoka ukutani zishuke sentimita tano kwa mita. Mteremko wa sentimita mbili hauonekani kwa macho, na mtoto akicheza mpira hautambui, lakini maji huutambua. Hupimwa kwa mambo na kamba, na kwa mpira wa levo uliojaa maji ambao kila fundi ujenzi anao. Kinachosumbua zaidi ni vibonde vidogo katikati. Ubao ulionyooka wa mita tatu ukiburutwa juu ya udongo kabla ya kupanda huonyesha kila kibonde, maana mwanga hupita chini yake.

Ardhi iliyoshindiliwa lazima ivunjwe kwa kina cha sentimita 20 hadi 30, kwa sululu au kwa uma wa bustani wa meno manne, kisha irudishiwe udongo wa juu usiopungua sentimita 15, ukiwa umechanganywa kidogo na ule wa chini ili pasiwe na mpaka mkali. Kazi hii ina siku zake. Udongo wa mfinyanzi ukichimbwa ukiwa umelowa hukandika kama unga wa chapati na matundu yake hufungwa. Ukichimbwa mkavu hutoka mabonge yasiyovunjika. Kipimo ni konzi moja iliyofinywa mkononi: ikishikana, na ikasambaratika inapodondoshwa kutoka kimo cha kiuno, kazi ianze. Kwenye udongo wa mbuga siku hizo huwa chache mno, na anayezikosa afadhali asubiri msimu mwingine. Wakulima wa nyanda za juu za Ethiopia, wanaolima udongo wa aina hiyo, huacha kushindana na sakafu yake. Huinua matuta mapana na kuyaacha maji yashuke pembeni kwenye mifereji. Bustani ya Syokimau ingefuata njia hiyo: kuinuliwa katikati kama mgongo wa kobe, mteremko ukaongezwa hadi sentimita tatu kwa mita, na maji yakamalizwa juu ya uso wa nchi badala ya kungojwa yapenye.

Aina ya nyasi nayo ina uzito. Ukoka wa kawaida huvumilia mafuriko ya siku kadhaa vizuri kuliko unavyovumilia kivuli, na vyote viwili vikikutana, chini ya mwembe uliojifunga, hautapona. Nyasi ya kikuyu, ambayo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, hufunika haraka, lakini hujenga mkeka mnene ambao wenyewe hushika maji kama sponji. Pwani, mahali penye maji ya juu au chumvi, paspalumu ya baharini hustahimili vyote viwili kuliko nyasi nyingine za bustani. Hakuna nyasi ya bustani, hata hivyo, inayopenda kuishi ndani ya maji mwezi mzima.

Matunzo ya kila siku ni mambo madogo yenye matokeo makubwa. Ukoka usikatwe wala kukanyagwa ukiwa umelowa: tairi la mashine au la gari moja lililoegeshwa siku ya sherehe hufinya udongo kuliko mvua ya msimu mzima. Kimo cha nyasi kipandishwe kidogo kabla ya masika, kwa kuwa mizizi hufuata majani. Ukoka unaonyolewa hadi chini huwa na mizizi ya kunyolewa. Mkeka wa nyasi zilizokufa ukizidi sentimita moja na robo hivi, ukwanguliwe kwa reki ya meno ya chuma. Na dawa za kuua wadudu zisimwagwe ovyo, kwa sababu nyungunyungu huuawa pamoja nao, na vishimo vyao ni mitaro ya bure.

Mvua zikiwa zimekwisha kuzamisha bustani, jambo la kwanza ni kutokanyaga. Maji yaliyo juu yafunguliwe njia kwa kifereji kidogo cha muda au kuzolewa kwa ndoo. Tope la mafuriko lililotanda juu ya majani lioshwe kwa mpira mapema, kabla halijakauka na kuziba. Likiwa nene kupita sentimita tano, ukoka ulio chini yake kwa kawaida haurudi. Mbolea isubiri mpaka udongo uchukulike mkononi bila kuchuruzika. Hapo kiasi kidogo hutosha: gramu tano za urea kwa mita ya mraba, yaani nusu kilo kwa bustani ya mita 100 za mraba, ikifuatwa na maji kidogo ili isiunguze.

Pale ambapo shimo la kipimo lilionyesha kwamba tatizo liko juu tu, tiba ni kutoboa. Uma wa bustani husukumwa wima hadi sentimita kumi, ukatikiswa nyuma na mbele ili udongo ulegee, kisha ukachomolewa, na kuhamishiwa hatua ya sentimita 10 hadi 15. Kwenye mfinyanzi, hata hivyo, uma husukuma udongo ubavuni na kuufinya zaidi kuzunguka tundu. Bora zaidi ni mashine au uma wenye meno ya mirija, ambao hung'oa vipande vya udongo unene wa kidole na kuvilaza juu. Vipande hivyo hukauka, husagwa kwa reki, na matundu hujazwa mboji iliyochekechwa au mchanga mkubwa wa mto usio na vumbi. Mchanga wa aina hii haupingani na yaliyosemwa juu ya kuchanganya: umesimama peke yake ndani ya tundu kama nguzo, chembe zake zikigusana, na maji hupita ndani yake. Kutoboa hufanywa udongo ukiwa na unyevu na nyasi zikiwa zinakua, mwanzoni mwa vuli au masika yanapopungua, na hurudiwa kila mwaka mahali panapokanyagwa sana.

Udongo wa chini ukiwa ndio unaokataa, hapo ndipo mtaro wa kokoto una kazi. Katika nchi zinazosema Kiingereza mtaro huu huitwa “French drain”, jina linalowafanya watu wadhani ulitoka Ufaransa. Kumbe ni jina la mtu, Henry Flagg French, hakimu na mkulima wa Marekani aliyechapisha kitabu kuhusu ukaushaji wa mashamba mwaka 1859. Huchimbwa kwa kina cha sentimita 45 hadi 60 na upana wa sentimita 20 hadi 30, sakafu yake ikishuka sentimita moja kwa mita. Mtaro wa mita 20 huishia sentimita 20 chini ya ulipoanzia, na kama hakuna mahali pa chini kiasi hicho pa kutolea maji, kazi isianze. Kuta na sakafu hufunikwa kwa kitambaa cha kuchujia, hutandikwa kokoto kidogo, hulazwa bomba la milimita 100 lenye matundu yakitazama chini, kisha kokoto hujazwa juu yake. Matundu hutazama chini kwa sababu maji hujaza mtaro kuanzia sakafuni. Yakipanda kidogo tu hukuta njia. Kokoto zipande hadi karibu na uso, na tabaka la mwisho liwe mchanga mkubwa wenye ukoka juu yake. Mafundi wengi humalizia kwa kurudisha mfinyanzi uleule uliochimbwa, kwa ajili ya kupendezesha, na hivyo huufunga mtaro kifuniko. Kwenye mfinyanzi mtaro mmoja huvuta maji ya mita chache tu kila upande, basi bustani pana huhitaji kadhaa, au vipasuo vyembamba vya mchanga, upana wa sentimita tano, vinavyoukata uso wa bustani na kumwaga maji kwenye mtaro mkuu. Udongo wa mbuga hukataa hata hili, kwa kuwa kiangazi huvipanua vipasuo na mchanga ukatumbukia.

Shimo la kunyonya maji lililojazwa mawe hufaa kwenye kichanga na kwenye udongo mwekundu. Kwenye mfinyanzi mzito hugeuka tangi lisilo na mfereji, na mahali penye maji ya ardhini ya juu hujaa kutoka chini kabla ya mvua kuligusa.

Kuna viwanja ambavyo maji yake hayana pa kwenda. Hapo sehemu ya chini kabisa iachwe iwe ya maji, angalau mita tatu kutoka msingi wa nyumba, ichimbwe kidogo na kupandwa mimea inayoipenda hali hiyo: magimbi, kanna, mafunjo. Kisahani hicho kikiwa na udongo uliolegezwa na mimea minene, maji yake hunywewa kabla mbu hawajakomaa, na udongo uliochimbwa humo hutumika kuinua ukoka unaobaki.

Mabaka yaliyokufa hupandwa upya baada tu ya kazi ya chini kukamilika. Udongo hulegezwa, vikonyo vya ukoka vyenye vifundo viwili au vitatu hufukiwa kwa nafasi ya sentimita 10 hadi 15, fundo moja likiachwa juu, na hufunga nafasi hizo ndani ya wiki kadhaa za joto na unyevu. Mitaro iliyochimbwa hukaguliwa mara mbili kwa mwaka, mwezi Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli: mdomo wa bomba husafishwa mizizi na majani, na ndoo mbili za maji humwagwa upande wa juu. Zikitokea chini zikiwa safi, mtaro unafanya kazi. Zikitokea na tope, kitambaa kimechanika mahali na udongo unaingia. Zisipotokea kabisa, panachimbwa pale ukoka ulipolowa juu ya mstari wa bomba.